Waliohama bondeni wakarudi: tusikimbilie kusema ni ubishi

Kila mvua kubwa ikipiga Dar utasikia "hao wa Jangwani wabishi, si walipewa viwanja wakarudi?" Mi ni mwanasaikolojia, nimekaa sana na familia zilizohamishwa kutoka Jangwani na sehemu nyingine za bonde la mto Msimbazi, na hiyo kauli inaniuma kwa kweli.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halijawahi kuiona tangu 1954, mto Msimbazi ukafurika, watu kama 40 wakafa, serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, kilomita 30 hivi kutoka Kariakoo, wakaanzia kwenye mahema. Kiusalama ilikuwa sahihi, lile bonde linaua na sitamshauri mtu yeyote akae pale. Ila baadaye wengi waliuza viwanja au wakapangisha, wakarudi mjini. Tunasema ni kipato, na ni kweli, mtu wa biashara ndogo Kariakoo nauli tu inammaliza. Lakini kipato hakielezi kila kitu.

Mtu aliyenusurika mafuriko akili yake haipumziki, matone yakigonga bati moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Kinachoanza kumtuliza ni vitu anavyovijua, yaani miguu inajua njia ya bombani hata umeme ukikatika, sikio linajua huo mlio ni geti la jirani na siyo mwizi, basi mwili unalegea kidogo. Sasa mpeleke sehemu ngeni ambako hamjui hata mtu mmoja, hofu ya maji iko palepale na juu yake unamwongezea ya ugeni. Mindy Fullilove, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1996: mahali panatushika kwa mazoea, kwa mapenzi na kwa kutufanya tujijue sisi ni nani, ukihamishwa vyote vitatu vinatikisika kwa mpigo.

Huwa naomba watu wanichoree mtaa wao wa zamani. Mama mmoja hakuanza na nyumba yake, alianza na karo la kufulia, halafu kibaraza cha jirani walipokuwa wanasukana jioni, halafu ukuta wenye alama ya matope ya mafuriko ya nyuma. Akaniambia ile alama ndo ilikuwa kipimo chao, maji yakiikaribia watoto wanapelekwa kwa shangazi wa kule juu, vyombo vinapanda darini, kila mtu anajua kazi yake. Alivyokuwa anaelezea alikaa wima, sauti ikatoka. Huko alikohamia hakuwa na karo, kibaraza wala huyo shangazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

Miaka ya karibuni mradi wa serikali wa kuzuia mafuriko bonde la Msimbazi umehamisha watu wengi tena, wakalipwa fidia na kila mmoja akatafuta pa kwenda kivyake. Pesa inasaidia, lakini jamani kama mnahama jaribuni kutafuta viwanja jirani kwa jirani, hata nyumba tatu nne tu, kikoba kisivunjwe, watoto wamalizie mwaka shule ileile ikiwezekana. Pigeni picha nyumba na mtaa kabla ya kubomolewa. Na wenzangu washauri nasaha, kabla hujauliza dalili muulize mtu jioni alikuwa anakaa wapi, na nani, kisha msaidieni apate sehemu ya namna hiyo huko alikohamia ndani ya wiki za mwanzo.