.gitignore haitoi kilichokwisha kuingia

"Hilo nimeshaliweka kwenye .gitignore, halina shida." Kauli hii naisikia mno kwa vijana wanaoandika programu hapa Tanga, Ngamiani mpaka Raskazone, na mara nyingi faili la .env (lile la mipangilio na siri za programu) analolisemea mtu limo kwenye repo, yaani hazina ya kodi, tangu komiti ya kwanza, yaani tangu mabadiliko ya kwanza yaliyohifadhiwa humo.

Maana yake ni fupi. .gitignore ni faili la maandishi linaloieleza Git, mfumo wa kutunza matoleo ya kodi alioanzisha Linus Torvalds mwaka 2005, mafaili yapi isiyachukue. Humo hutajwa mafaili ya mipangilio ya mashine yako: nywila ya kanzidata, ufunguo wa huduma ya malipo, njia ya folda iliyoko kwako tu. Mwenzako wa Chumbageni ana yake, na seva ina yake.

Tatizo liko hapa. Git huitumia orodha hiyo kwa mafaili ambayo bado haijaanza kuyafuatilia. Faili likishakomitiwa, litaendelea kufuatiliwa hata ukiliandika humo mara kumi. Bawabu humzuia anayebisha hodi. Aliyekwisha kukaa sebuleni hamgusi. Ndiyo maana unabadilisha nywila, unaandika git status kuona yaliyobadilika, na mstari mwekundu unakutazama: modified: .env, yaani limebadilishwa. Wengi hapo huilaumu Git. Wanaionea, imefanya ilivyoagizwa.

Ukitaka iache kulifuatilia, andika git rm --cached .env, kisha komiti. Hilo --cached usilisahau, bila hilo faili linafutwa na kwenye diski yako. Na mtangulie kuambiana: mwenzako akivuta komiti hiyo, faili lake linaweza kuondoka kwenye folda yake, kwa hiyo alinakili pembeni kwanza. Kwenye repo acheni .env.example yenye majina ya vitu vinavyotakiwa, bila thamani za siri, ili mgeni ajue ajaze nini.

Hata baada ya hayo, nywila ya zamani haijatoka. Komiti zilizopita bado zinayo, na yeyote mwenye nakala ya repo akiandika git log -p -- .env ataisoma herufi kwa herufi. Kama repo ilikuwa wazi kwa umma, hesabu ufunguo huo umeshaonwa: ubadilishe leo, kabla hujaanza kuhangaika na git filter-repo kusafisha historia. Hili naliomba kwa msisitizo, maana ufunguo wa malipo ni fedha za watu.

Basi, ndugu yangu, ukiulizwa kama .env ni salama, usijibu kwa kufungua .gitignore. Andika git ls-files .env. Git ikikurudishia jina, bado inalifuatilia. Ikinyamaza, andika pia git log --all -- .env, ujue kama liliwahi kupita humo.