"Aina bora" ya nyanya ni bora kwa nani?

Nenda soko la Tengeru, karibu na Arusha, Jumatano au Jumamosi, umuulize mchuuzi kwa nini anapenda aina ya nyanya iitwayo Tanya. Hatakutajia utafiti. Atachukua moja, aibonyeze kwa kidole gumba, akuonyeshe haibonyei. Nyanya laini haifiki Dar es Salaam ndani ya tenga. Za chini hugeuka rojo njiani.

Ugumu huo ulitafutwa. Tanya na mwenzake Tengeru 97 ziliidhinishwa mwaka 1997, kazi ya pamoja ya kituo cha utafiti wa kilimo cha HORTI Tengeru (siku hizi TARI Tengeru) na Kituo cha Mboga Duniani, ambacho makao yake makuu yako Taiwan na kina tawi Arusha tangu 1992. Mimea inapoitwa "aina", maana yake imechaguliwa kwa sifa zinazojulikana na zinazorithiwa. Kabla ya kuruhusiwa hupimwa kama inatofautiana na zilizopo, kama mimea yake inafanana, na kama sifa zake hazibadiliki kutoka kizazi hadi kizazi.

Anapolinganisha aina, mtafiti hagawi shamba nusu kwa nusu. Kila aina hupandwa kwenye vipande vidogo kadhaa, vilivyotawanywa kwa kura, kwa sababu kona iliyo jirani na mfereji ingeipa ushindi aina isiyostahili. Hurudia misimu kadhaa, kisha hupeleka mbegu kwa wakulima wenyewe, ambako zamu ya maji huruka na mbolea huchelewa.

Wengi huchanganya aina bora na chotara. Chotara hutokana na kuzalisha wazazi wawili tofauti, na mbegu hutengenezwa upya kila mara kutoka kwa wazazi hao. Tanya si chotara, na nyanya kwa kawaida hujichavusha. Kwa hiyo chagua mche wenye afya shambani, kamua mbegu, ziache na maji yake siku mbili zichachuke mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini. Msimu ujao utavuna Tanya. Ukifanya hivyo kwa chotara, watoto watatoka kila mmoja na sura yake. Wapo wanaosema chotara ni ujanja wa wauza mbegu. Mimi siamini hivyo, kwani nyingi huzaa vizuri sana. Ila pakiti utainunua kila msimu.

Neno "bora" lenyewe ndilo la kuulizia. Kwa kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, Tanya haina kinga: viwavi huitoboa kama nyingine, na mkulima anabaki na mitego ya harufu na kuondoa masalia shambani. Na ganda linalomfurahisha dereva wa lori halimfurahishi mpishi. Mama yangu hutumbukiza nyanya kwenye maji ya moto, anazimenya moja moja, huku akinung'unika kwamba vinginevyo maganda yataelea kwenye mchuzi.