Kikomo cha kelele ni nini?

Kikomo cha kelele ni kiwango cha juu cha sauti kinachoruhusiwa mahali fulani kwa wakati fulani. Kipimo chake ni desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufika kama desibeli 60; anayefanya kazi saa nane kila siku penye desibeli 85 na zaidi, masikio yake yamo hatarini.

Desibeli hazijumlishwi kama fedha. Jenereta moja ikitoa desibeli 70, ukaiweka ya pili kama hiyo ubavuni mwake, hupati 140, unapata 73. Na sauti ikipanda kwa desibeli 10, nguvu yake imezidi mara kumi. Ndiyo maana ukumbi "uliopitiliza kidogo tu" unaweza kuunyima mtaa mzima usingizi.

Kikomo hufuata mahali na saa: eneo la viwanda huruhusiwa zaidi kuliko makaazi, skuli au hospitali, na usiku kiwango hushuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, linapendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba. Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar hili lina uzito wake. Uwanjani, ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua kama desibeli 6. Kwenye vichochoro vyetu kuta za mawe huirudisha huku na huku, ikafika mbali bado ina nguvu. Kwa hivyo haitoshi kupima mlangoni pa ukumbi. Ipimwe pia dirishani pa anayelala.

Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo NEMC, baraza la mazingira la Bara, haihusiki hapa Zanzibar. Mwenye kazi hiyo ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, chini ya Sheria ya Mazingira ya Zanzibar namba 3 ya 2015, ambayo inaangalia hewa pia. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kuwa jenereta huleta mawili kwa pamoja, ngurumo na moshi.

Ukilalamika, kwa sheha (kiongozi wa serikali mtaani) au ZEMA, andika tarehe, saa ilipoanza na ilipokwisha, na chanzo chake. Kisha omba wapimaji waje saa hiyo hiyo. Kelele za saa sita usiku zikipimwa asubuhi, mlalamikaji ataonekana mzushi bure.