Daraja la 33 haliko juu ya la 3

Likizuka gumzo la Frimasoni, hakosi kutokea mjuaji wa kutangaza kwamba fulani "ameshafika 33", yaani daraja la 33, maana yake ndiye mkubwa wao, na hao wengine wa chini wanapelekwa pelekwa tu. Nimelisikia mara nyingi mno, tena likisemwa kwa uhakika wa ajabu. Kinachochanganywa hapo ni loji, yaani tawi ambamo Wafrimasoni hupokelewa na kukutana, na vyama shirikishi vya loji.

Chama shirikishi ni chama kinachojitegemea: kina viongozi wake, kanuni zake na ada yake. Ila kwa kawaida hakimpokei mtu asiye Mfrimasoni au, kwa vyama vichache, asiye na undugu na Mfrimasoni. Maana yake ni hiyo tu.

Loji yenyewe ina madaraja matatu: mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu. Aliyepewa la tatu amemaliza. Mwaka 1813 Loji Kuu mbili (vyombo vinavyosimamia loji) zilizokuwa zikipingana Uingereza zilipoungana, mkataba wao ulitamka wazi kwamba madaraja ni hayo matatu na si zaidi, kisha katika sentensi hiyohiyo wakachomeka Royal Arch, ibada nyingine ya Wafrimasoni, kama sehemu ya hayo matatu. Hayo ndiyo maafikiano ya wazee waliochoka kugombana. Hata hivyo, hakuna mahali waliposema kuna la nne, la kumi au la 33.

Sasa 33 imetoka wapi? Imetoka Scottish Rite, na hicho ni chama shirikishi. Baraza Kuu lake la kwanza liliundwa Charleston, South Carolina, tarehe 31 Mei 1801. Waliyahesabu matatu ya loji kama mwanzo, wao wakaanzia la 4. Uamuzi huo wa kuendeleza hesabu badala ya kuanza na 1 ndio uliozaa kizaazaa chote hiki, kwa sababu mtu akiona namba zinapanda, anadhani na mamlaka yanapanda. Wenzao wa York Rite, kundi jingine la vyama shirikishi, ambao nao wana madaraja yao ya Royal Arch na Knights Templar, waliyapa majina bila namba, na sijawahi kumsikia mtu akiwatungia hekaya za ngazi ya siri.

George Washington alipewa daraja la tatu Fredericksburg, Virginia, mwaka 1753, akafariki Desemba 1799. Baraza la Charleston lilikuwa halijazaliwa. Kwa hesabu ya wajuaji wetu, rais wa kwanza wa Marekani alikufa akiwa Mfrimasoni wa chini kabisa. Kwa hesabu ya Wafrimasoni wenyewe hakupungukiwa na chochote.

Halafu tazama madaraja hayo yanavyotolewa. Kwa desturi ya Marekani, mengi huigizwa jukwaani, na mavazi na mapazia yakiwa yameandaliwa, huku wanaoyapokea wameketi kwenye viti wakitazama. Mmoja wao husimama kwa niaba ya kundi zima. Mtu anaweza kuingia Ijumaa akiwa na la tatu, akatoka mwisho wa wiki na la 32. Uingereza ni tofauti: la 4 hadi la 17 hutolewa kwa kutajwa tu, la 18 ndilo hufanyiwa ibada kamili, na wengi huishia hapo. Tena huko lazima uwe Mkristo, sharti ambalo loji haina. Na hilo la 33 halipandiwi. Kwa Marekani ni heshima ambayo Baraza Kuu humtunukia mwanachama kwa utumishi wake. Akirudi kwenye loji yake anakaa kama mafundi wakuu wenzake, na anayeongoza kikao ni mwenyekiti aliyechaguliwa mwaka huo, hata kama ni kijana aliyejiunga juzi.

Utegemezi wenyewe unaenda kinyume na watu wanavyodhani. Mtu asipolipa ada ya loji akasimamishwa, Scottish Rite nayo inamtoka. Akiacha Scottish Rite, loji haiulizi.

Vyama vingine nitavipitia haraka. Shriners, wale wa kofia nyekundu za tarbushi, walianza New York mwaka 1872 kwa ajili ya burudani, kisha wakaingia kwenye hospitali za watoto. Ya kwanza ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, 1922. Hadi mwaka 2000 hukuweza kujiunga nao bila kuwa na la 32 au kuwa Knights Templar, na hapo nakubali kwamba palifanana na ngazi. Sharti hilo lilifutwa. Sasa daraja la tatu latosha. Eastern Star hupokea wanawake wenye undugu na Wafrimasoni, pamoja na wanaume wenye daraja la tatu, ingawa Loji Kuu ya Uingereza huwakataza watu wake kujiunga nacho. DeMolay, kilichoanzishwa Kansas City 1919, ni cha vijana wa kiume, na hao hata loji hawajaingia.

Illuminati hawamo. Kilikuwa chama cha Adam Weishaupt, kilichoanzishwa Bavaria 1776, kikawanasa baadhi ya Wafrimasoni, kikapigwa marufuku na serikali ya huko kabla ya miaka kumi kutimia. Kuvua samaki katika bwawa la mtu hakukufanyi mwenye bwawa.

Kwa hiyo ukimwona mtu ana pete ya 33, usiseme amefika juu. Sema ametunukiwa na Scottish Rite. Ukitaka kujua uzito wake ndani ya loji, uliza ana wadhifa gani humo mwaka huu. Huenda ukaambiwa hana.