Buluu Si Huzuni

Nimeletewa tena picha ya bahari, buluu kuanzia juu hadi chini, na maelezo yale yale: "Nimetumia buluu kuonyesha huzuni." Huzuni siioni. Naona buluu.

Mwaka 1842 Turner, mchoraji Mwingereza, aliuchora mlima Rigi wa Uswisi kwa rangi za maji, picha tatu: mlima mwekundu, mlima wa giza, mlima wa buluu. Huo wa buluu ni alfajiri juu ya ziwa Lucerne, nao umejaa utulivu. Ametandaza tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi mpaka mlima ukasimama bila mstari wa kuuzunguka. Nyota ya asubuhi aliikwangua mpaka weupe wa karatasi ukatokea.

Kinachobeba hisia ni ukingo, pale umbo linapoishia na kingine kuanza. Chora mikoko ng'ambo ya maji. Karatasi ikiwa kavu, mikoko inakatika wazi, inasogea mbele, jicho linakwama hapo. Chukua rangi ile ile, brashi ile ile, karatasi ikiwa bado inang'aa maji: rangi inatambaa, vilele vinamezwa na anga, na mikoko inakuwa mbali nawe. Katikati kuna muda mfupi ambapo mng'ao umeshaondoka lakini karatasi ni ya baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Ukungu unapatikana hapo, si kwenye kopo la rangi! Ukirudi na brashi yenye maji kuliko karatasi, utapata mabaka yenye kingo za menomeno. Pwani, wakati wa masika, muda huo hurefuka kwa sababu ya unyevu. Juani unapita hujachovya brashi. Basi acheni kuhesabu dakika za kwenye video za mafunzo. Gusa karatasi.

Toni, yaani kiasi cha mwanga au giza cha rangi: finya macho, panga mwanga na giza kwanza. Karatasi: ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Tuendelee.

Linalonisumbua ni hili: kingo laini na toni zinazokaribiana huleta utulivu, na hizo hizo huleta upweke. Picha yangu ya ufuo wa maji kupwa, mmoja aliiona amani, mwingine akaniuliza nimefiwa na nani. Nadhani kinachoamua ni kile kitu kidogo chenye ukingo mkali, kama wale ndege wanaoruka majini kwenye Rigi ya buluu. Kwangu ulikuwa mtumbwi. Nikachora ufuo ule ule bila mtumbwi, na watazamaji bado hawakukubaliana.