Je, wajua kwa nini watu wema hukaa kikao kimoja na wasikubaliane?

Zamani nilikuwa na jibu la haraka: watu wakibishana kuhusu haki, ama mmoja hajaelewa, ama ana lake jambo. Waketishe, waelimishe, wape muda, watakubaliana tu. Na kuhusu jamii za mbali niliamini kinyume chake kabisa, kwamba kila watu wana wema wao, na linalosifiwa huku ni dhambi kule. Nilikosea pande zote mbili.

Mwaka 2019 Oliver Scott Curry na wenzake wa Oxford walichapisha uchambuzi wa maandishi ya wanaanthropolojia kuhusu jamii 60. Walitafuta mambo saba: kusaidia ndugu, kushikamana na kundi lako, kulipa fadhila, ushujaa, kuheshimu wakubwa, kugawana kwa haki na kutogusa mali ya mwenzako. Popote mambo hayo yalipopimwa kwa wema au ubaya, yalihesabiwa kuwa mema, isipokuwa mahali pamoja: Chuuk, visiwa vya Pasifiki, ambako kumnyang'anya mtu mali yake waziwazi kulisifiwa kama dalili ya nguvu. Si kwamba yote saba yaliandikwa kwa kila jamii. Maandishi hayo yana mapengo, na kutotajwa kwa jambo si ushahidi kwamba halipo. Hata hivyo picha ni ya kushangaza. Tunapenda mambo yale yale. Tunachotofautiana ni lipi litangulie.

Nililiona hilo baada ya matanga ya ndugu yetu mmoja. Nilikuwa na daftari la rambirambi mapajani, na kwenye bahasha zilibaki shilingi laki tisa. Yalitolewa mapendekezo matatu: tulipe ada ya kitinda mimba, tumpe binti aliyemuuguza baba yake miaka mitatu, au tugawe sawa kwa watoto wote. Tuite mahitaji, jasho na usawa. Waamuzi walikuwa watatu. Baba mkubwa alitanguliza mahitaji, kisha jasho, kisha usawa. Shangazi alitanguliza jasho, kisha usawa, mahitaji mwisho. Mjomba alianza na usawa, kisha mahitaji, jasho mwisho.

Sasa hesabu polepole. Mahitaji na jasho: baba mkubwa na mjomba wanachagua mahitaji. Jasho na usawa: baba mkubwa na shangazi wanachagua jasho. Usawa na mahitaji: shangazi na mjomba wanachagua usawa. Kila pendekezo linashinda moja na kushindwa na jingine, kila mara kwa kura mbili kwa moja. Ni kama watu watatu waliozunguka sinia la pilau: kila mmoja ana jirani wa kulia kwake, lakini hakuna aliyekaa mwanzo wa sinia. Hakuna mjinga pale, wala mwenye hila. Kila mzee ana msimamo ulionyooka. Mduara unazaliwa pale misimamo inapokutana.

Mfaransa Condorcet aliuandika mduara huu mwaka 1785. Mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kwa hisabati kwamba machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya watu, yaani kila mtu anatanguliza lipi na kufuatisha lipi, inayotimiza masharti yote ya msingi ya haki kwa pamoja. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Mduara hautokei kila mara. Mabishano yakiwa ya kiasi tu, mathalani tutoe shilingi ngapi, majibu hukaa kwenye mstari mmoja, kutoka kidogo hadi kikubwa, na kwa kawaida wa katikati hushinda na kikao kinafungwa.

Lakini mambo makubwa hayakai kwenye mstari mmoja. Tamko la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura Paris, tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 8 hazikuegemea upande wowote. Saudi Arabia, mojawapo ya hizo 8, ilipinga uhuru wa kubadili dini uliomo katika kifungu cha 18. Pakistan, nayo nchi ya Waislamu, ilikiunga mkono kifungu hicho hicho.

Katika kikao chetu mwenyekiti alianza kwa kushindanisha jasho na usawa. Jasho likashinda, kisha likaangushwa na mahitaji, na pesa zikaenda kwenye ada. Angeanza na usawa na mahitaji, bahasha ingeishia mkononi mwa binti aliyeuguza, bila mzee hata mmoja kubadili mawazo yake.