Mwenye Kinu Anataka Nini Kwenye Fueli ya Nyuklia?

Kila nikizungumza na wanafunzi hapa Arusha kuhusu umeme wa nyuklia, swali la kwanza huwa urani ya Mkuju, kule Namtumbo: si tunayo, tunangoja nini? Nawajibu kwamba shirika la umeme halihitaji urani tu. Linahitaji fueli iliyosanifiwa kwa ajili ya kinu chake, yaani mtambo ambamo atomi za urani hupasuliwa ili kutoa joto, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuchukue Koeberg, kituo cha umeme wa nyuklia cha Afrika Kusini. Kila kimoja kati ya vinu vyake viwili kina mafungu 157 ya fueli, na kila fungu lina mirija 264 ya aloi ya zirkoni iliyojazwa vidonge vya oksaidi ya urani. Ukuta wa mrija unazidi nusu milimita kidogo tu. Sasa kipande cha waya kikisahaulika ndani ya mabomba wakati wa matengenezo, maji yanakizoa, kinanasa kwenye vishikizi vya mirija, kinatikisika na kusugua usiku na mchana mpaka kinatoboa. Gesi zenye mionzi zinavujia kwenye maji ya kinu. Wahudumu wanazigundua wakipima maji hayo, lakini fungu lenyewe inabidi lisakwe kinu kikizimwa, na kila siku ya kuzimwa ni umeme usiouzwa. Ndiyo maana wenye vinu wamewabana watengenezaji waweke vichujio chini ya kila fungu. Binafsi naviheshimu vichujio hivyo kuliko maboresho mengi yenye majina makubwa.

Bei ya fueli ni sehemu ndogo ya gharama za umeme wa nyuklia; mzigo mkubwa ni ujenzi. Kwa hiyo punguzo la bei halifidii mrija unaovuja.

Halafu kuna kupandisha na kushusha nguvu ya kinu. Ikipandishwa ghafla, vidonge hutanuka na kuusukuma mrija kutoka ndani. Ufaransa vinu hufuata mahitaji ya gridi, na fueli yake huandaliwa kwa hilo. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na maji huongezwa au kupunguzwa kirahisi, hivyo kinu kingeweza kutulia kwenye nguvu ileile. Lakini mwaka wa ukame je? Sharti la fueli kuhimili mabadiliko ya nguvu liingie kwenye mkataba tangu mwanzo.

La mwisho ni muuzaji wa pili. Ukraine ilijaribu fueli ya Westinghouse, kampuni ya Marekani, kwenye vinu vya usanifu wa Kirusi miaka mingi kabla ya vita vya 2022, na mlango wa Urusi ulipofungwa, ilikuwa na pa kununua.